“Paka Usiku”

Maneno mawili tu. Yameandikwa kwa peni ya bluu, mwandiko wa mtu aliyechoka, kwenye kikaratasi kilichobandikwa ubavuni mwa tyubu isiyofika urefu wa kidole changu cha kati: Paka usiku. Binti wa dada yangu alitoka nayo dukani, hapa hapa mjini kwetu Kigoma, na duka silitaji. Akapanda bodaboda kurudi Buzebazeba na furaha ya mtu aliyepata tiba ya chunusi zilizomtesa tangu kidato cha pili.

Usiku ule akapaka. Alipaka kama anavyopaka mafuta ya mgando akitoka kuoga: uso bado umelowa, dawa imejaa kiganjani, mashavu, shingo, mpaka nyuma ya masikio, na kwenye kona za mdomo akarudia maana ndiko chunusi zilikojazana. Usiku wa pili vilevile. Asubuhi, ili dawa “iingie”, akausugua uso kwa sukari na limau, ujuzi aliopewa na wenzake. Kisha akashuka Kibirizi kumsaidia mama yake kuanika dagaa. Anayeujua mwalo wa Kibirizi analijua jua la pale: linakuchapa kutoka juu, linakuchapa tena kutoka mchangani na kutoka ziwani. Siku ya sita uso ulikuwa unabanduka kama rangi ya boti kuukuu. Wiki ya tatu pale palipobanduka pakaota mabaka, meusi kuliko chunusi zenyewe.

Majirani wa Buzebazeba hawahitaji maabara. “Kajichubua.” Hukumu ikatoka kwenye foleni ya maji kabla ya saa mbili asubuhi, na rufaa haikusikilizwa. Dada yangu, kwa aibu, aliibeba ile tyubu kwenda kuitupa chooni. Niliiwahi mlangoni. Iko mezani hapa ninapoandika.

Niweke wazi mapema ninayegombana naye. Mtoto simgombezi. Alitii alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa maneno mawili. Dawa nayo siigombezi. Nimeisoma tyubu kwa miwani na kwa tochi ya simu: tretinoini, asilimia 0.05, na chini yake herufi za siafu, kwa Kiingereza, kwamba isiuzwe bila cheti cha daktari. Ni dawa halali, dawa ya heshima, inayotibu chunusi tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1971. Ninagombana na dirisha. Lile dirisha la dawa ambalo pesa inaingia, dawa inatoka, maneno yanabaki ndani. Na atakayekasirika akasirike: aliyekupa dawa ya namna hii bila kukueleza inavyotumika amekuuzia nusu, na nusu aliyobaki nayo ndiyo yenye kazi.

Tretinoini ni ndugu wa damu wa vitamini A. Mtu wa Kigoma hahitaji kutambulishwa kwa vitamini A, tunakula nayo ugali. Ule wekundu wa mawese yetu, unaotia doa kwenye kanga likagoma kutoka, ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Matone wanayopewa watoto wetu kliniki mara mbili kwa mwaka, kidonge cha bluu kwa ambaye hajatimiza mwaka, chekundu kwa aliyetimiza, ni hiyo hiyo. Mmemwona muuguzi anavyofanya? Anauliza umri, anakata ncha ya kidonge kwa mkasi, anakamua mdomoni mwa mtoto mwenyewe kwa mkono wake, anaandika kwenye kadi. Hajawahi kumkabidhi mama kopo akamwambia, “Mnyweshe.” Sasa nielezeni kwa nini vitamini ile ile, ikishageuzwa asidi na kutiwa kwenye tyubu, hesabu yote inakufa.

Maana hii si mafuta ya kulainisha. Mafuta hukaa juu ya ngozi yakateleza. Dawa hizi za jamii ya retinoidi huingia mpaka kwenye kiini cha seli, mahali amri za mwili zinapotoka, na kubadili amri zenyewe. Ngozi yetu hujivua polepole, kiasi cha wiki nne hivi kutoka chini hadi juu; retinoidi inaiharakisha. Ule uchafu wa seli zilizokufa, uliokuwa ukiziba vitundu na kuzaa chunusi, unaachia. Ndiyo tiba. Lakini mwenye kuharakishwa hujikwaa: ngozi inakauka, inawasha, inabanduka, na tabaka lake la juu linakuwa jembamba, halina uvumilivu na jua. Na sisi weusi tuna adhabu yetu ya ziada. Ngozi yetu ikiunguzwa hulipa kisasi kwa kumwaga weusi pale ilipoumizwa, ikaacha baka la miezi. Mzungu akizidisha dawa hii anakuwa mwekundu wiki mbili. Binti yetu akizidisha anabeba baka mpaka sikukuu mbili zipite, na jina la mjichubuaji juu yake.

Nilifundisha darasa la tatu miaka mingi, na nina ugonjwa wa walimu: nikiona kitu hakikuelezwa, mkono unatafuta chaki. Kwa hiyo nilikaa jikoni, nikageuka muuza dawa, nikakisemesha kiti. Nilisema hivi:

“Mwanangu, kabla sijapokea hela, una mimba? Unatafuta mimba? Hapana? Sawa, tutalirudia. Hii dawa ni ya usiku kwa sababu mwanga huiharibu, na wewe hutaki kukaa nayo juani. Osha uso kwa sabuni ya kawaida isiyo kali. Dodoki liweke, sukari na limau viweke, wiki hizi uso wako usisuguliwe na kitu. Futa, ngoja dakika ishirini, thelathini, uso ukauke kabisa, kwa sababu ngozi mbichi huinywa dawa kwa pupa. Sasa toa kiasi cha punje ya njegere. Moja. Nionyeshe kidole. Hiyo ndiyo ya uso mzima, wala si ya kila chunusi. Gusa paji, shavu, shavu, kidevu, kisha tandaza kama unafuta vumbi. Kope usiguse, kona za pua usiguse, midomo usiguse. Juu yake paka mafuta mepesi ya kulainisha. Na kama ngozi yako ni ya hasira, anza na mafuta ndipo upake dawa. Usianze kila siku. Jumatatu, Alhamisi, basi. Wiki mbili tatu zikipita salama, ongeza siku moja. Kama una ile dawa nyingine ya chunusi ya benzoili, usizipake pamoja usiku mmoja, inaiua tretinoini. Asubuhi, losheni ya kukinga jua, namba 30 kwenda juu. Huna? Kanga kichwani ishuke mpaka usoni, kofia pana, mwavuli, na dagaa anika alfajiri. Sasa sikiliza hapa vizuri. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza kuzidi. Utataka kuniloga. Usiongeze dawa, usiache kwa hasira, subiri. Matokeo utayaona wiki ya nane, ya kumi na mbili. Lakini uso ukivimba, ukitoa malengelenge au majimaji, acha siku hiyo hiyo urudi hapa au uende hospitali. Na usimpe dada yako akajaribu.”

Dakika tatu na sekunde arobaini. Nilipima kwa saa ya ukutani, na nilisema taratibu kama ninavyomwambia mtoto hesabu za kukopa. Hizo ndizo zilizokosekana.

Nishajibiwa majibu yote, msijisumbue kuyarudia. “Foleni ni ndefu.” Nenda soko la Mwanga ukanunue mawese. Yule mama ana foleni, ana jua, ana mtoto mgongoni. Na bado atakwambia haya ni ya mkamuo wa jana, usiyaunguze yakafuka moshi, ukitaka ya kuweka muda mrefu chukua yale, haya ya kwako ni ya mboga ya leo. Hakusoma famasia. Wakala wa pesa za simu, kwenye kibanda kisichotosha ng'ombe mmoja, atakwambia uhakikishe jina kabla ya kubonyeza, hata kama unatuma elfu tano. Muuza sumu ya mahindi anakuonya ufunike pua. Katika biashara zote za mji huu, iliyojipa haki ya kuuza kimya kimya ni ile ambayo kimya chake kinaunguza watu.

“Wagonjwa hawasikii.” Hili linanichoma zaidi, kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake, kama uongo wote mzuri. Ndiyo, sisi wateja tuna yetu. Tunafika dirishani tukisema “nipe ile kali”, kana kwamba uso ni shina la mti tunalotaka kulichimbua. Dawa isipowasha tunasema feki. Ikiandikwa wiki kumi na mbili, siku ya tisa tumeshatafuta nyingine. Nakubali. Lakini mtu asiyewahi kuambiwa hawezi kushitakiwa kwa kutosikia. Mwambie kwanza, asikie au asisikie, ndipo unilalamikie. Mimi sikumpa darasa langu sifuri kabla ya kufundisha.

“Kuna karatasi ndani ya boksi.” Ipo, nimeikunjua. Imekunjwa mara kumi na mbili, ina herufi ndogo kuliko mayai ya chawa, na lugha yake ni Kiingereza. Tyubu nyingine zilizoko mezani kwa mashoga wa binti yetu, zilizovuka ziwa, zimeandikwa Kifaransa. Huu ndio mji ambao Kiswahili kilifika na misafara kabla ya mkoloni yeyote kujenga ofisi. Ujiji hapo chini watu walikuwa wanadaiana, wanaoana na kuzikana kwa lugha hii mwaka 1871, Stanley alipokuja kumtafuta Livingstone. Leo mjukuu wa Ujiji hawezi kusoma onyo la dawa anayojipaka usoni. Nikisema ni dharau, nani atanipinga?

Nilisema nitalirudia la mimba. Hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa.

Retinoidi na mimba havikai nyumba moja. Katika jamii hii kuna vidonge, isotretinoini, vilivyoingia sokoni Marekani mwaka 1982 kwa chunusi sugu. Mtoto akikutwa navyo tumboni anaweza kuzaliwa na kasoro nzito za ubongo, moyo, uso na masikio. Kwa vidonge hivyo nchi zenye uangalifu zinadai kipimo cha mimba kabla ya dozi, na uzazi wa mpango wakati wote wa matibabu na mwezi mmoja baada yake. Krimu ni jambo jepesi kuliko hilo, na niseme kweli ili nisimtie mtu kiwewe: kinachopenya ngozini kikaingia kwenye damu ni kidogo sana. Lakini mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilikata shauri kwamba hata krimu isitumiwe na mjamzito wala anayepanga kubeba mimba. Kwa nini ujasiri wa kubahatisha? Chunusi zinaweza kungoja miezi tisa. Na kwa aliyekwisha kupaka kisha akagundua ana mimba: acha leo, mwambie muuguzi kliniki, usikimbilie uamuzi wowote wa hofu, wala usinywe majani ya mtu.

Sasa turudi dirishani. Binti yetu ana miaka ishirini na mbili. Ameolewa mwaka jana. Hakuna mtu aliyemuuliza. Si daktari aliyeandika cheti, kama kilikuwepo, si aliyehesabu chenji. Hapa kwetu mwanamke wa umri huo akienda hata kupigwa picha ya jino lazima aulizwe. Kwa krimu, kimya. Labda waliona haya, labda walidhani ni kipodozi. Hilo la pili ndilo ninaloliogopa, kwa sababu lina historia, na historia yake ni chafu.

Mtu aliyeipa dunia krimu hii aliitwa Albert Kligman, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kazi yake kubwa ilifanyika kwenye gereza la Holmesburg, Philadelphia, ambako kuanzia miaka ya 1950 mpaka 1974 wafungwa, wengi wao weusi, walipakwa, walidungwa na kuunguzwa kwa majaribio ya kila aina kwa malipo ya senti. Asidi hii ya vitamini A ilijaribiwa kwenye ngozi zao. Chuo kiliomba radhi mwaka 2021, jiji la Philadelphia mwaka 2022, Kligman akiwa ameshazikwa tangu 2010. Kwa hiyo jambo la kwanza: maelezo yale yanayofichwa kwetu dirishani, kiasi gani kinatosha, kipi kinaunguza, yalinunuliwa kwa migongo ya watu weusi. Angalau tuambiwe walichokigundua wakituunguza.

Jambo la pili ni baya zaidi. Mwaka 1975 Kligman na mwenzake Willis walichapisha mchanganyiko wa kuondoa weusi wa ngozi: haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini 0.1, na deksamethazoni, ambayo ni steroidi, 0.1. Someni tena. Cha kufuta rangi, cha kufungua mlango, na cha kutuliza kelele za ngozi ili mwenye nyumba asijue anaibiwa. Katika mikono ya daktari, kwa wiki chache, kwa mabaka yenye jina, ni tiba. Nje ya mikono hiyo ni mkorogo. Kumbe mkorogo tunaodhani ulizaliwa kwenye ndoo ya plastiki saluni una baba, na baba yake ana shahada.

Ndugu za mchanganyiko ule sasa zinauzwa kwenye tyubu za bei ya chipsi, na wanaozinunua hawajui kwamba humo ndani mna retinoidi. Wanaambiwa ni “mafuta ya kung'arisha”. Mji wa bandari hauna siri: kinachopakiwa Uvira, Kalemie au Bujumbura kinaweza kuteremka kwetu pamoja na vitenge. Matokeo tunayatania barabarani, uso Fanta, miguu Coca, tunacheka. Hatucheki tunapomwona mama wa miaka hamsini mwenye ngozi nyembamba kama karatasi ya sigara, michirizi mapajani, kidonda kisichofunga baada ya upasuaji, kwa sababu steroidi imekula kila kitu. Nimewahi kumshika mkono mama wa hivyo msibani. Unaona mishipa yote.

Sasa tazameni ubaya wa kimya cha dirisha katika mwanga huo. Binti anayetibiwa chunusi kwa haki na binti anayejichubua wanapewa maelezo yaleyale: paka usiku. Wote uso unabanduka. Wote jua linawaunguza. Jirani atawatofautishaje? Wao wenyewe watajitofautishaje? Dawa iliyonyamaziwa inageuka mkorogo wenye risiti. Na yule wa saluni, tuseme kweli bila kumsifu, anaongea. Anakueleza upake lini, uchanganye na nini, urudi lini, anakuita mrembo. Anaeleza uongo, lakini anaeleza! Mnashangaa kwa nini saluni inajaa?

Serikali haikulala katika hili, sitaki kumsingizia mtu. Vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi vilipigwa marufuku nchini zamani, enzi za TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, na tumeziona picha za shehena zikiteketezwa. Julai 2019 kazi ikagawanywa: vipodozi vikaenda shirika la viwango, TBS, dawa na vifaa tiba vikabaki kwa mamlaka iliyoitwa TMDA. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea mpaka vijijini kwetu, yana orodha ya dawa yanazoruhusiwa kuuza, na watoa dawa wake hupewa mafunzo. Wafamasia wana Baraza lao la Famasi. Tyubu ina mwenyewe, kopo la mkorogo lina mwenyewe, mtu aliyeko nyuma ya kioo ana mwenyewe. Yatima ni maneno. Mkaguzi akiingia dukani anauliza leseni, anatazama tarehe za kuisha muda, anakagua friji. Nasubiri mkaguzi atakayesimama pembeni nusu saa, akanunua krimu kama mtu wa kawaida, kisha akauliza: mbona hukuniambia kitu?

Ninachokidai ni kidogo mpaka kinatia aibu kukidai. Kikaratasi cha Kiswahili, upande mmoja, herufi za kusomeka na mama asiye na miwani, kinachotoka na kila tyubu ya retinoidi. Picha ya punje ya njegere. Picha ya mwezi. Picha ya mjamzito yenye alama ya kukatazwa. Mchapishaji yeyote wa Mwanga atakichapa kwa siku moja. Na swali moja la lazima kabla ya chenji. Asiyeuliza asiuze. Ikimshinda, auze pipi.

Atakayesema haiwezekani Tanzania nampeleka Moshi. Pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinafundisha wataalamu wa ngozi kwa nchi nyingi za Afrika. Hapo hapo wanatengeneza losheni ya kukinga jua iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na inawafikia bure. Nilichokipenda kwa Kilisun ni kwamba losheni haitembei peke yake. Inakwenda na mtu wa kueleza: paka kabla ya kutoka, rudia, masikio usiyasahau, kofia pana, mikono mirefu. Wanajua kwamba losheni isiyoelezwa ni mafuta ghali tu. Sisi wa Kigoma tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengine, Kabanga ya Kasulu iko jirani, walikokimbilia ndugu zetu wenye ualbino miaka ile walipowindwa kwa mapanga. Tunafahamu jua linaifanya nini ngozi isiyo na kinga. Sasa retinoidi inaivua ngozi yoyote sehemu ya kinga yake. Hapa, nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta, zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na kioo cha maji mbele. Losheni ya jua na tretinoini vingetakiwa kutoka dukani vimeshikana mikono. Nimepita kwenye maduka manne kuitafuta, moja tu walikuwa nayo, na ilikuwa rafu ya juu kabisa, karibu na manukato, imekaa kama zawadi ya harusi.

Binti anaendelea vizuri, mliouliza. Mtaalamu wa ngozi alimwachisha kila kitu kwanza: wiki kadhaa za sabuni isiyo kali, mafuta mepesi na kanga. Ngozi ilipotulia akaanzishiwa upya, tretinoini ile ile lakini ya asilimia 0.025, usiku, mara mbili kwa wiki, na maelezo marefu mpaka nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Chunusi zimepungua. Mabaka yanaondoka kwa mwendo wa treni ya Kigoma, lakini yanaondoka. Dagaa anaanika mama yake peke yake kwa sasa, na ananilaumu mimi.

Jumatatu nilirudi kwenye lile dirisha. Nilitaka nimwonyeshe kijana anayeuza pale kikaratasi chake. Mbele yangu alikuwepo msichana wa sare ya chuo, chunusi mashavuni, na kabla sijafungua mkoba nikaona tyubu ileile ikipita chini ya kioo, na ubavuni mwake peni ya bluu. Msichana akaitia kwenye pochi, akageuka kuondoka. Nikamshika mkono. “Mwanangu, njegere unazijua?” Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwonyesha ncha ya kidole, nikaanza: uso mkavu, punje moja, Jumatatu na Alhamisi, una mimba au huna. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Yule kijana akainama mpaka kwenye tundu la kioo.

“Bibi, unazuia foleni.”

Nikasogea katikati zaidi, nikamwambia msichana aniambie tena, tangu mwanzo, bila kuangalia kidole.